Binti yangu anafuga buibui ili wamng'ate awe shujaa. Kuna kitabu cha watoto kinachoeleza sayansi yake?

#1 FundiFriji_Dom

Wakuu, mbukwenyi!

Naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la vichekesho, nina shida ya kweli.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, kazi zangu nafanyia Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Nina binti wa miaka minane, yuko darasa la tatu, nyumbani tunamwita Bosi na jina limemkaa. Jumamosi mama yake alikuwa anatafuta kopo la Blue Band atilie chumvi. Akalikuta uvunguni mwa kitanda cha mtoto, mfuniko umetobolewa matundu kwa msumari, tena msumari wangu. Akafungua. Buibui kumi na mmoja. Wengine walishakufa, waliobaki wanapandiana. Mama Bosi alipiga yowe hadi jirani akaingia na mchi mkononi akidhani kuna nyoka.

Nilipomuuliza mwenye mifugo wala hakukana. "Nawasubiri waning'ate baba, lakini wanaogopa." Kumbe kila akitoka shule anaingiza kidole humo na kuhesabu hadi mia. Wiki ya pili hiyo.

Chanzo mnakijua, katuni. Spider-Man kaumwa na buibui mwenye mionzi, kuamka anapanda ghorofa. Stori ina umri kunizidi, ni ya 1962, na bado inafanya kazi mpaka Chang'ombe.

Sikumchapa. Nilimuuliza swali moja tu: haya, buibui mwenyewe, ambaye hajaumwa na yeyote, ukutani anapandaje? Akanyamaza. Akafikiri. Akasema, "Hawakuonyesha."

Jibu hilo lina siku nne kichwani mwangu. Kwenye kazi yangu mteja akisema friji haigandishi siipigi kofi wala siiombei, nafungua nyuma naangalia. Hizi hadithi za mashujaa zinafunga mfuniko palepale mtoto alipotaka kuchungulia. Anaonyeshwa nguvu, haonyeshwi mtambo.

Jana nikaingia duka la vitabu mjini. Vya mashujaa vipo, vya Kiingereza, 38,000 kimoja, ndani ngumi na misuli mwanzo mwisho. Vya sayansi vipo, vya shule, mchoro wa jicho na mishale yake, Bosi hafiki ukurasa wa tatu. Kinachounganisha hivyo viwili, kwa Kiswahili, cha kumtoa mtoto wa Dodoma nje akaangalie kitu kwa macho yake, sikukiona. Dada wa kaunta akanipa Sungura na Fisi. Sungura nampenda lakini amefanya kazi miaka mingi, naye apumzike.

Anayejua kilipo anielekeze. Kama hakipo, tushauriane kinaandikwaje.

#2 Mshambuliaji_Butu

Kumi na mmoja! Hicho ni kikosi kamili, bado benchi. Nimekaa pale nasubiri wajuzi.

#3 Mlenda_Mkavu

Mtoto wa Dodoma anahangaika na buibui wa nini wakati mlenda upo? Mpe bakuli mbili mchana, jioni utamkuta kanata darini.

#4 KijanaWaBahi

Buibui wa Chang'ombe hawana kitu. Huku Bahi walikuja watu wakapima urani. Nikutumie wa huku? Nauli ya basi juu yako.

#5 Vinasaba_Udom

Fundi, nimecheka, lakini binti yako kafanya utafiti kuliko baadhi yetu huku chuoni. Kaweka dhana, kakusanya sampuli, anajaribu kila siku saa ileile. Kilichomwangusha ni dhana.

Nasoma baiolojia, nijaribu kufungua huo mfuniko.

Kwanza mionzi. Ikiwa mikali inakatakata vinasaba, yale maelekezo ambayo kila seli inayafuata ikifanya kazi. Ni kama kuchana mchoro wa waya za nyumba halafu ukamkabidhi fundi vipande. Taa hazitawaka zaidi. Kinachokuja ni ugonjwa. Kwa hiyo ndugu yetu wa Bahi abaki na wake.

Pili, kupanda ukuta. Zima taa ya sebuleni, washa ya barazani, msubiri mjusi kafiri. Chini ya vidole vyake kuna mikunjo, kwenye mikunjo kuna vinyweleo maelfu kwa maelfu, na kila kinyweleo kimegawanyika kuwa ncha ambazo jicho haliwezi kuziona. Hana gundi. Hanyonyi ukuta. Ncha hizo zinaukaribia ukuta kiasi kwamba chembe za mguu na chembe za ukuta zinavutana zenyewe. Mvuto wa ncha moja ni hafifu mno, zikiungana zinambeba kichwa chini darini huku anakula mbu. Akitaka kuondoka anakunjua vidole kuanzia nchani, kama wewe unavyobandua stika. Buibui wengi wanaowinda bila utando nao wana vinyweleo vya namna hiyo miguuni.

Sasa kwa nini si sisi? Ukubwa. Mnyama akiongezeka urefu mara mbili, eneo la nyayo linaongezeka mara nne lakini uzito mara nane. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipiga hesabu wakakuta kwamba mtu, ili apande kama mjusi, angehitaji asilimia 40 ya ngozi ya mwili wake iwe ya kunata. Kama ni miguu peke yake, avae viatu namba 145 kwa vipimo vya Ulaya, hivihivi tunavyonunulia mitumba. Mwambie Bosi aangalie chake namba ngapi.

#6 FundiFriji_Dom

Cha Bosi ni 31. Nilipomtajia 145 akachukua futi kamba yangu. Tumepiga hesabu pamoja, namba moja ni theluthi mbili ya sentimita, kwa hiyo unyayo unakaribia mita nzima. Ameuchora kwa chaki sakafuni barazani na vidole vyote vitano. Tangu jana wageni wanaingia ndani kwa kuuruka.

#7 Mtumishi_Kisasa

Ndugu Fundi, tatizo si buibui. Tatizo ni mtoto kuaminishwa kuna wanadamu wenye nguvu zisizotoka kwa Mungu. Kwangu katuni hizo nilishazifuta. Mtafutie habari za Samsoni na Daudi, zimejaa ushujaa.

#8 FundiFriji_Dom

Mtumishi, asante, na Samsoni anamjua vizuri. Juzi aliniuliza ndani ya nywele mna nini.

#9 Mwl_Manila

Habarini. Mimi mwalimu wa shule ya msingi, Chamwino. Darasani kwangu wako 94, na kitabu cha ziada ni kimoja, cha kwangu, nimekifunika kwa gazeti.

Fundi unauliza kinaandikwaje. Mimi ningeanza na hili: kitabu hicho wengi hawatakisoma, watasomewa. Basi kiandikwe kwa ajili ya sikio. Na kila sura iishie na jambo la kufanya ambalo halina gharama. Nimewahi kupewa kitabu cha msaada, kizuri, kinametameta, jaribio la kwanza kabisa linasema chukua puto, sumaku, betri mbili na barafu kutoka kwenye friza yenu. Nilikifunga nikatoka nje kuwinda kivuli.

Mwaka jana nilijitungia wangu kwa manila na maka peni. Shujaa wangu anaitwa Mama Popo. Nyuma ya shule kuna mbuyu, na Novemba unachanua. Niliwapanga watoto wanaoishi karibu wabaki nami jua linapozama. Maua ya mbuyu yananing'inia kichwa chini, meupe, makubwa kama ngumi ya mtoto, na yanafunguka jioni ileile mbele ya macho yako ukiwa na subira. Giza likaingia, popo wakaja. Kesho yake asubuhi tukakuta maua chini, yameshaanza kuwa ya kahawia. Kazi ya usiku mmoja. Popo anafuata utamu wa ua, anaondoka na chavua kifuani, anaipeleka mbuyu mwingine. Bila yeye matunda yatakuwa ya kuhesabu.

Kuna mvulana ambaye kaka zake wanapiga popo kwa manati. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, tukiwaua wote, ubuyu wa shilingi mia utapanda bei?" Nimefundisha miaka kumi na sita, swali hilo nimeliandika nyuma ya andalio la somo nisilisahau.

Na kwa nguvu zake za ajabu nilimwandikia kwamba anaona gizani kwa mwangwi. Anapiga sauti, inagonga ua, inamrudia masikioni. Watoto wakacheza kombolela kitambaa machoni, wanapiga makofi kutafuta ukuta. Ilikuwa raha.

#10 Vinasaba_Udom

Mwalimu, kwa heshima zote, pana kosa dogo. Popo wanaokwenda kwenye mbuyu ni wale wakubwa, wenye sura kama ya mbwa, wanaokula matunda. Hao wanategemea macho na pua, na ua la mbuyu lina harufu kali usiku. Katika kundi hilo wapo wa mapangoni wanaogonga ulimi na kusikiliza, ila ni wachache. Wafalme wa mwangwi ni popo wadogo wanaokula wadudu. Sauti zao nyingi zinapita mitetemo 20,000 kwa sekunde, ndiyo maana wanapita juu ya kichwa chako wakipiga kelele na wewe unaona usiku umetulia.

Kwa hiyo unahitaji mashujaa wawili. Mama Popo wa mbuyu, na mpwa wake mdogo anayelinda kijiji dhidi ya wadudu.

#11 Mwl_Manila

Nimepokea. Jumatatu nawaambia 94 wote kwamba mwalimu alikosea. Watashangilia, hicho ndicho kipindi wanachokipenda kuliko vyote.

#12 Mzee_wa_Kikuyu

Vijana, mnaongea kana kwamba mashujaa wa nguvu za ajabu wameletwa na televisheni. Mwaka 1905 kule Ngarambe, Kinjekitile Ngwale aligawa maji, watu wakaamini risasi ya Mjerumani itageuka maji ikiwagusa. Walikwenda kifua mbele kwenye bunduki za rashasha. Hadi 1907 hiyo Vita ya Maji Maji na njaa vilikuwa vimezoa watu maelfu kwa maelfu, vijiji vikabaki magofu.

Simdharau. Aliwaunganisha watu ambao hakuna aliyewahi kuwaunganisha, na hiyo nayo ni nguvu. Lakini nilipokuwa nafundisha historia, karibu kila mwaka alitokea mtoto mmoja akauliza, kwa nini hawakuyajaribu kwanza kwa mbuzi? Nilikuwa namkaripia kwa kukosa adabu. Nimestaafu, nina muda wa kufikiri, na huyo mtoto wa mbuzi ndiye ambaye leo ningemtungia kitabu.

#13 Mshambuliaji_Butu

Mzee shikamoo. Hii ya mbuzi naihifadhi.

#14 Steshenari_Makole

Nije kwenye hela, maana hadithi mnazo tayari.

Kitabu cha watoto kinaliwa na vitu viwili, rangi na idadi. Ukichapa 50 vya rangi, kimoja kinakutoka bei ya kilo kadhaa za nyama. Ukichapa 2,000 bei inashuka, ila hela yako imelala stoo. Na stoo za Dodoma mnazijua. Miaka ya nyuma nilipanga katoni tatu za vitabu vya hadithi sakafuni moja kwa moja. Kwa juu vilionekana vipya kabisa. Siku mteja kaja nimenyanyua cha kwanza, mkononi nimebaki na jalada, chini yake ni udongo wenye umbo la kitabu. Mchwa walipitia kwenye ufa wa sakafu na hawakuacha hata namba ya ukurasa.

Ushauri wangu: kurasa 16, maana karatasi zinakunjwa kwa mafungu na kurasa zinakwenda kwa nane nane. Karatasi ya kawaida ya rimu, rangi nyeusi tu, michoro ya mistari mtoto apake rangi mwenyewe, pini mbili katikati. Jalada ndiyo liwe la rangi. Lete kazi, tutaelewana.

#15 Ramani_na_Tofali

Huyo mchwa aliyekula katoni zako naye ni shujaa mkuu, sema hakuwa upande wako. Jengo la Eastgate pale Harare, lililofunguliwa 1996, mbunifu wake Mick Pearce alikitazama kichuguu akachora jengo linalopumua: hewa baridi ya usiku inapoza zege, mchana joto linapanda na kutokea kwenye mabomba ya juu. Halina viyoyozi kama vya majengo mengine ya ukubwa ule. Baadaye wanasayansi walipochunguza vichuguu vyenyewe wakaona vinafanya kazi zaidi kama mapafu kuliko bomba la moshi, lakini jengo limesimama na watu wamo ofisini.

Fundi wa viyoyozi, pole. Mchwa anakutafutia njaa.

#16 Mkulima_Mpwapwa

Buibui, popo, mchwa. Shujaa wenu yuko shambani mnamkanyaga kila siku.

Mgunga ukikatwa, watu wanahesabu umekufa. Mizizi bado hai. Mvua ikinyesha kisiki kinatoa vichipukizi ishirini, thelathini, vyote vinagombea chakula kimoja. Mbuzi wanakula, jembe linakata, mwakani tena. Mimi shamba langu lilikuwa na visiki vya namna hiyo tangu kwa marehemu baba, naviita vichaka, navilaani kila nikilima. Kumbe ni miti mikubwa imefungwa pingu.

Wakaja watu wa kisiki hai, kwetu huku Dodoma wanasimamia LEAD Foundation. Hawakutuletea mche hata mmoja. Chagua vichipukizi viwili au vitatu vilivyonyooka, vingine pogoa, funga kitambaa ili mpita njia ajue kina mwenyewe, linda. Hakuna kumwagilia, mizizi ilishafika kwenye unyevu miaka mingi kabla yako. Njia hii ilienea Niger miaka ya 1980, na Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, ndiye aliyeitangaza. Mwaka wa tatu nilifunga ng'ombe kivulini, kwenye kitu nilichokuwa nataka kukichoma moto.

Basi kitabu changu kingekuwa na shujaa anaitwa Kisiki. Kila mwaka anakatwa, kila mwaka anarudi, si mnasema steringi hafi? Na adui asiwe jitu la pembe kutoka sayari nyingine. Adui ni mbuzi wangu mwenyewe, ninayempenda, anayelipa ada. Hapo mtoto afikiri. Sisemi mbuzi wafukuzwe, wazee wa Kondoa wanakumbuka 1979 mifugo ilivyotolewa yote kwenye eneo la mmomonyoko wakati wa HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, haikuwa jambo dogo. Nasema tu kwamba kwenye kitabu cha namna hii adui anayetokea nyumbani ana kazi zaidi.

#17 Mluguru_Halisi

Mmezunguka wee mkaruka Morogoro. Magawa alizaliwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, 2013, panya buku, kilo moja na ushee. Akafunzwa kunusa kemikali za mabomu, akapelekwa Kambodia. Mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi alilimaliza kwa dakika 20, mtu mwenye kifaa cha kugundua vyuma angechukua hadi siku nne. Hadi anastaafu 2021 alikuwa amenusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, panya wa kwanza kuipata. Kafariki Januari 2022, kwa uzee, si kwa bomu.

Hakuumwa na kitu, hakuvaa kitambaa mgongoni. Malipo yake ndizi.

#18 Mlenda_Mkavu

Na wenzake kwetu wanaishia kwenye mtego. Dunia hii.

#19 BongoGlobal

Sitaki kuwakatisha tamaa, ila mnapoteza muda. Sayansi ni Kiingereza. Huyo mtoto sekondari atakutana na Kiingereza mwanzo mwisho, sasa vinasaba na mitetemo vya nini? Mnunulie cha 38,000 azoee mapema.

#20 FundiFriji_Dom

Mkuu, nikujibu kwa kazi yangu. Kompresa naiita kompresa, gesi ni gesi, thamostati ni thamostati. Maneno ya kukopa sina ugomvi nayo. Lakini siku nilipomweleza Bosi friji, nilimweleza kwa Kiswahili.

Aliniuliza baridi inatoka wapi. Nikamwambia weka mkono ndani. Akaweka. Sasa zunguka, weka mkono nyuma, kwenye zile nyaya nyeusi. Akautoa haraka: "Huku kuna moto!" Nikamwambia ndiyo hiyo. Friji haitengenezi baridi, inabeba joto la chakula kutoka ndani na kulimwaga nje. Akasimama kimya, mkono mmoja ndani mmoja nyuma, mlango wazi, umeme wangu unakwenda na sikumkataza. Halafu akasema, "Kwa hiyo ni mpagazi."

Mimi nina miaka kumi na tisa kwenye fani, na neno zuri kuliko hilo sijawahi kulisikia kwa mhandisi yeyote. Angelipataje kwa lugha ambayo bado anaikariri?

#21 Msafiri_SGR

Ongezeni mdiria. Japani treni za kasi zilikuwa zikitoka kwenye handaki zinapiga kishindo, watu wa jirani hawalali. Mhandisi wao Eiji Nakatsu alikuwa mpenda ndege. Akamwangalia mdiria anavyojitosa majini bila kurusha maji, wakaichonga pua ya treni kama mdomo wake. Ikaanza kazi 1997, kimya na kasi zaidi.

Mimi nikiuona mchongoko wetu, ile treni ya SGR yenye pua ndefu, unaingia stesheni ya Dodoma namkumbuka mdiria. Hadithi ni ya treni ya Japani, si ya huu wetu, ila mtoto akisimama pale na kitabu mkononi ataiona pua kwa macho yake.

#22 KijanaWaBahi

Fundi umepotea. Mrejesho.

#23 FundiFriji_Dom

MREJESHO. Samahani kwa ukimya wa wiki tano.

Tumeandika. Mimi, Bosi, na Mwl_Manila kwa simu. Rasimu ya kwanza iko kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, Bosi anachora, mimi naandika, tunagombana. Yeye alitaka shujaa aruke. Nikamwambia sawa, nionyeshe mtambo wa kurukia. Alikaa siku mbili akafuta. Shujaa wetu sasa ni msichana asiye na nguvu yoyote, ana bisibisi. Kila sura anakutana na mwenye nguvu, anamwomba ruhusa, anafungua mfuniko. Mjusi kafiri, Mama Popo na mpwa wake, Kisiki, Magawa, na friji yule mpagazi. Mchwa nimemkatalia kwa sababu za kibiashara. Mdiria amebaki nje, kurasa zilikwisha. Adui mmoja anaitwa Umeme Mdogo, huyo nimemtunga mwenyewe kwa hasira za kazini.

Jalada lina unyayo wa namba 145. Tulichapa 30 pale Makole. Ukurasa wa 7 umetoka mara mbili na wa 10 haupo, kosa langu la kupanga, jamaa aliniuliza nikamwambia chapa tu.

Mwalimu akawasomea wale 94. Mjusi walimpenda, Kisiki walimpenda kuliko wote. Sura ya friji ikafa. Kimya. Mwalimu akauliza nani kwao kuna friji, mikono mitatu. Nilijisikia mjinga. Nimeandika kuwatoa nje watoto halafu nimewaingiza kwenye jiko ambalo hawana.

Aliyeniokoa ni bibi wa Bosi, mama yangu, yuko Hombolo. Nilipomsimulia akasema, na mtungi je? Wakuu, mtungi! Ule wa udongo, pembeni ya mlango, maji yake yananyamazisha koo saa saba mchana. Unatoka jasho. Maji yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanakuwa mvuke, na kila yanapoondoka yanaondoka na joto la yaliyobaki. Na kwa hewa yetu kavu ya Dodoma unapoza vizuri kuliko Dar, ambako hewa imeshashiba maji. Mpagazi yuleyule, bila kompresa, bila mimi. Nimeunywea maji miaka yote ya utoto wangu, nikaenda chuo cha ufundi nikafundishwa kanuni hiyohiyo kwa mchoro, na sikuwahi kuviunganisha.

Toleo la pili lina mtungi. Zoezi lake: lowesha mkono, puliza, sema umehisi nini. Wote 94 wanalo jiko la kufanyia.

Buibui waliobaki tuliwaachia nyuma ya choo, watatu. Bosi aliwaomba radhi.

#24 Steshenari_Makole

Ukurasa wa 7 nilikwambia.

#25 Mwl_Manila

Vimebaki viwili. Vingine viko majumbani na havirudi, mzazi mmoja kaja kuuliza kama kuna sehemu ya pili. Yule mtoto wa manati ameniletea mchoro wa popo, chini ameandika bei ya ubuyu.

#26 Mzee_wa_Kikuyu

Fundi, niwekee kimoja. Nitakuja mwenyewe, sina haraka.

#27 FundiFriji_Dom

Mzee, chako kipo. Vinasaba, nina swali la Bosi. Usiku wa jana nimemkuta barazani amepanda kigoda, ana jagi la maji, anamwagia ukuta mbele ya mjusi. Anadai mjusi alipofika palipolowa aliteleza. Mimi nilidhani anaona anachotaka kuona. Ni kweli?

#28 Vinasaba_Udom

Ni kweli. Vidole vikilowa vinapoteza mshiko kwenye sehemu nyingi, maji yanaingia kati ya vinyweleo na ukuta. Watu wameandika makala za kisayansi kuhusu hilo. Mwambie amefanya vizuri, aandike tarehe.

Na amwagie mbali na swichi.